Je, Rais analazimika kufika Siku ya Mashujaa?

*"Shikamoo mzee. Baba yetu alikuwa askari wa JWTZ, akafia Uganda mwaka 1979. Hakupigwa risasi, gari la jeshi lilipinduka. Tuliambiwa amezikwa Kaboya, kwenye makaburi ya jeshi mkoani Kagera, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Julai iliyopita nilimpeleka mama kwenye Siku ya Mashujaa hapa mkoani kwetu. Alikaa juani tangu asubuhi akitegemea kumwona Rais. Aliyeweka mkuki na ngao ni Mkuu wa Mkoa, na jina la baba halikutajwa. Tuliporudi nyumbani alisema, 'Basi, wametusahau,' na tangu siku hiyo redio ikitaja jeshi anaizima. Shemeji yangu, ambaye ni mwalimu, anasema Katiba inamlazimisha Rais kuhudhuria. Mjomba anasema yale ni maigizo ya televisheni tu, na isitoshe aliyekufa kwa ajali si shujaa wa vita. Nani yuko sahihi? Rais ana wajibu gani hasa, na sisi tufanye nini?"*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, na nifikishie salamu zangu kwa mama. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja, nami nitaanza na la mjomba, kwa sababu naona ndilo linalouma zaidi nyumbani kwenu hata kama hukuliweka mbele.

Baba yako ni shujaa wa vita ile. Sisemi hivyo ili kuwafariji. Takwimu ya askari wa Tanzania waliopoteza maisha katika vita ya Kagera inayotajwa mara nyingi ni 373, na kati yao waliouawa katika mapigano wanatajwa kuwa 96. Hao wengine wengi walikufa kwa ajali, maradhi na mambo mengine yanayoandamana na jeshi likiwa safarini. Kumbuka hali ilivyokuwa. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Rais wa wakati ule, Mwalimu Nyerere, akalihutubia taifa, ile hotuba ya sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 likapanuliwa kwa miezi michache hadi zaidi ya 150,000, wanamgambo wakiwemo. Watu wote hao, silaha zao na chakula chao walisafirishwa kwa malori, mengine yakiwa ya mashirika na ya watu binafsi, katika mvua na tope, usiku bila taa ili wasionekane. Malori yalipinduka. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 kwa sababu kuna watu waliokuwa nyuma ya usukani na juu ya shehena zile. Mjomba akitoa heshima kwa mwenye bunduki peke yake, atakuwa amewaondoa wengi wa wale 373.

Na hata leo majeshi hayapimi hivyo. Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, alikufa tarehe 18 Aprili 2024 kwa ajali ya helikopta akiwa kazini. Taifa liliomboleza siku tatu na akazikwa kwa heshima zote za kijeshi, Rais Ruto akiwa mazishini. Mjomba atasema yule alikuwa jenerali, na hapo nitamkubalia: cheo huongeza ukubwa wa shughuli. Lakini cheo hakibadilishi sababu ya heshima. Sababu ni kwamba mtu amekufa akitekeleza amri ya nchi yake.

Sasa nije kwa ile siku ya mama. Mlichohudhuria ni maadhimisho ya mkoa. Kila tarehe 25 Julai panakuwa na sherehe moja ya kitaifa, na hiyo ndiyo anayoiongoza Rais. Kwa miaka mingi ilifanyika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Miaka ya karibuni imekuwa Dodoma, na iliwahi kupelekwa penye makaburi yenyewe, kama Julai 2013 Rais Kikwete alipoiongoza huko huko Kaboya. Mikoa mingine huadhimisha kwake, na anayeshika nafasi ya juu pale ni Mkuu wa Mkoa, mwakilishi wa Rais katika mkoa kwa siku zote za mwaka. Kwa hiyo hakuna aliyewakwepa siku ile. Aliyekosea ni yule aliyewaambia, au aliyeacha mwamini, kwamba Rais atafika. Mzee aliyeamka alfajiri na kukaa juani alistahili kuelezwa mapema anakwenda kumwona nani. Waandaaji wa shughuli za mikoa hulisahau jambo hili kila mwaka: wanapanga viti vya viongozi kwa majina, na wajane wanaambiwa "kaeni popote."

Shemeji yako mwalimu amekaribia ukweli lakini amepitiliza. Hakuna ibara ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inayosema Rais awe uwanjani tarehe 25 Julai. Hata siku yenyewe si ya mapumziko. Watu huenda kazini kama kawaida. Huenda amechanganya na Kenya, ambako Mashujaa Day, tarehe 20 Oktoba, imeandikwa katika Ibara ya 9 ya Katiba ya mwaka 2010 kuwa siku ya taifa, pamoja na Madaraka na Jamhuri. Ile ni sikukuu pana zaidi. Iliitwa Kenyatta Day, na inawaenzi wapigania uhuru na mashujaa wa kila aina. Yetu ni ya watu walioilinda na kuipigania nchi, na imejengwa kwa namna ya kijeshi tangu mwanzo hadi mwisho.

Kilichomo katika Katiba yetu ni kitu kingine, na kwa maoni yangu ndicho kizito zaidi. Ibara ya 33 inamtaja Rais kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu, yote matatu kwa mtu mmoja. Ibara ya 44 inampa mamlaka ya kutangaza hali ya vita. Ibara ya 148 inaweka mikononi mwake amri juu ya majeshi. Waziri hawezi kulipeleka jeshi vitani kwa utashi wake, wala Mkuu wa Majeshi hawezi. Mwaka 1978 amri ile ilitoka kwa mtu mmoja, na baba yako akapanda lori.

Wajibu unaouliza unaanzia hapo. Askari anakula kiapo na kuacha haki ambayo mimi na wewe tunayo, yaani haki ya kukataa kwenda mahali penye kifo. Anaiacha mikononi mwa aliye juu kabisa. Basi anapokufa, mwenye kudaiwa ni yule aliyekuwa ameshika amri, na deni hilo linarithiwa pamoja na kiti. Rais wa leo hakumtuma baba yako, lakini amekaa katika kiti kilichomtuma. Ndiyo maana nikiwafundisha vijana wa itifaki nilikuwa nawaambia: siku nyingine zote Rais ni mgeni rasmi, anapokewa, anashangiliwa, anahutubia. Siku hii yeye ni mfiwa wa kwanza, na ratiba ipangwe hivyo.

Ukiitazama shughuli kwa jicho hilo, utaona si maigizo kama anavyodhani mjomba. Usiku wa kuamkia tarehe 25, saa sita, unawashwa mwenge wa mashujaa, nao unawaka mpaka saa sita ya usiku unaofuata. Asubuhi gwaride linaingia. Rais anakwenda mnarani kwa miguu, hatangulizi mtu. Anapokea mkuki na ngao kutoka kwa afisa, anaviweka mwenyewe kwa mikono yake, anarudi hatua nyuma, anainamisha kichwa. Baada yake Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi anaweka sime. Kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua. Meya anaweka upinde na mshale, na mwenyekiti wa chama cha askari wastaafu anaweka shoka. Angalia zile silaha: ni za watu waliopigana kabla JWTZ halijazaliwa, kwa sababu siku hii haianzii Kagera. Inawachukua waliopigana na ukoloni, waliokufa kusini tukisaidia ukombozi wa Msumbiji, na waliofia ulinzi wa amani nchi za watu.

Tarumbeta inayopigwa na ukimya unaoshikwa siku hiyo tumevipata kwa Waingereza, kupitia jeshi lao la kikoloni, King's African Rifles. Ukimya wa namna hiyo ulianza Cape Town mwaka 1918, ukaenezwa na London mwaka uliofuata. Sioni aibu yoyote hapo. Jeshi tulilolirithi kwa wakoloni lilivunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, JWTZ likaundwa tarehe 1 Septemba mwaka huo, likaacha mengi na kubaki na yaliyofaa. Kisha zinafuata dua na sala, za Waislamu, za Wakristo wa madhehebu mbalimbali, za Wahindu. Wafu wale walikuwa na dini zao, na serikali haina dini, kwa hiyo kiongozi wa nchi anakaa kimya wengine wakiomba.

Lipo moja linaloniudhi, nami nitalisema. Hotuba. Kwa desturi ya zamani siku hii haikuwa siku ya kiongozi kuzungumza. Tarehe 25 Julai 2016, Rais Magufuli alizungumza pale Dodoma na akatangaza azma ya serikali yake kuhamia huko. Lilikuwa jambo kubwa la nchi, silibezi. Lakini muulize mtu yeyote leo anakumbuka nini cha Siku ya Mashujaa ya mwaka ule, atakwambia Dodoma. Waliokuwa wakikumbukwa walifunikwa na habari. Kiongozi yeyote, wa chama chochote, akiipata siku hii kipaza sauti kikiwa mbele yake, heshima kubwa anayoweza kutoa ni kusema kidogo sana.

Je, akituma mwakilishi ni dharau? Inategemea. Kisheria inaruhusiwa, na kuna nyakati haiepukiki. Desemba 2017, askari wetu 14 walipouawa katika shambulio la tarehe 7 huko Kivu Kaskazini, Kongo, walikokuwa wakilinda amani, miili yao ilipofika Dar es Salaam aliyeongoza kuwaaga ni Waziri Mkuu Majaliwa. Wapo waliolalamika wakati ule, wapo walioona ni sawa. Mimi nina msimamo wa kati. Kwa sherehe ya kila mwaka, kukosa mara moja hakuvunji kitu. Kwa majeneza yanayoshuka kutoka kwenye operesheni ambayo Rais huyo huyo ameiagiza, ningependa kumwona yeye. Si kwa sababu Waziri Mkuu hatoshi kwa heshima. Ni kwa sababu mama wa marehemu ana haki ya kumtazama usoni aliyemtuma mwanawe, na aliyetuma ana haja ya kutazamwa hivyo kabla hajatuma wengine.

Lakini hata kuwepo kwake si kila kitu, na hapa nataka familia yenu inisikilize vizuri. Januari 2016 kambi ya askari wa Kenya ilivamiwa El Adde, Somalia. Siku chache baadaye, kambini Eldoret, Rais Uhuru Kenyatta alisimama na marais wa Nigeria na Somalia kuwaombea marehemu. Marais watatu uwanja mmoja! Pamoja na hayo, idadi kamili ya waliokufa haikutangazwa rasmi. Kwa mjane aliyekuwa pale, idadi na majina vingekuwa na uzito kuliko rais wa tatu.

Nenda Dar es Salaam, Mtaa wa Samora, ukatazame Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Chini yake kuna maneno kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanayoahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Zunguka sanamu yote. Hakuna jina hata moja. Sanamu ile ni ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na askari na wapagazi waliokufa Afrika Mashariki katika vita hiyo walikuwa makumi ya maelfu. Wapagazi wale ndio waliotuachia jina la Kariakoo, lakini ya kwao wenyewe hayamo. Waingereza walikuwa na uwezo wa kuandika majina, kwani wanajeshi wao wazungu waliandikwa kaburi kwa kaburi. Kwa hiyo mama anaposema "jina halikutajwa," analalamikia jambo la msingi kabisa, na sidhani mkuki na ngao za mtu yeyote zingemtuliza. Si rahisi kusoma majina yote uwanjani, hilo nakubali. Ila kila mkoa ungeweza kusoma ya mashujaa waliotoka mkoa ule, na haingechukua muda wa burudani moja ya ngoma. Hili mnaweza kuliomba, na nitawaeleza kwa nani.

Anza na kumbukumbu. Tafuteni nyumbani chochote chenye namba ya jeshi ya baba: barua, kitambulisho, hati ya malipo, hata picha iliyoandikwa nyuma. Mkipata namba, cheo na jina la kikosi chake, mmeshapiga hatua kubwa. Kama hamna, andikeni majina kamili aliyoandikishwa nayo, ambayo mara nyingi si yale ya ukoo, pamoja na kijiji alichotoka, mwaka aliojiunga na majina ya wenzake mnaowakumbuka. Ulizeni pia, bila kuona haya, kama alikuwa askari wa kudumu au mwanamgambo aliyechukuliwa wakati wa vita. Hakuna aliye bora kuliko mwenzake, lakini kumbukumbu zao zinaweza kuwa mahali tofauti, na ukitafuta pasipo pake utaambiwa hayupo na kurudi nyumbani umevunjika moyo.

Kisha nenda kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya yenu. Yule ni mwanajeshi, ofisi yake iko wilayani, na huhitaji kusafiri mpaka Makao Makuu kumpata. Mpe barua moja fupi yenye maombi matatu, usichanganye na malalamiko: mthibitishiwe alipozikwa baba, familia ipewe utaratibu wa kuzuru kaburi, na jina lake liingizwe katika orodha ya mashujaa wa mkoa kwa maadhimisho yajayo. Nakala ipeleke kwa Mkuu wa Wilaya, uombe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Tafuta pia tawi la karibu la wastaafu wa jeshi. Wazee wale wanajuana kwa vikosi, na mara nyingine mzee mmoja kwenye benchi atakwambia kwa dakika kumi kile ambacho faili litakupa baada ya miezi.

Msiende Kaboya, wilayani Muleba, bila kibali. Makaburi yamo ndani ya eneo la jeshi, na kumfikisha mama getini kisha arudishwe kutakuwa kumwumiza mara ya pili. Mkipata kibali, ulizeni kabla hamjasafiri kama kaburi la baba limetambuliwa kwa jina, na mama aambiwe jibu akiwa bado nyumbani, hata kama si zuri.

Kuhusu mafao hukuuliza, lakini naona utaulizwa na ndugu mara tu barua itakapoonekana. Ikiwa kuna haki ambayo haikulipwa, njia yake inapita mahakamani kwanza: kikao cha ukoo chenye muhtasari ulioandikwa, cheti cha kifo, kisha Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi wa mirathi. Baada ya miaka zaidi ya arobaini sitakudanganya kwamba patakuwa na fedha nyingi au pataharakishwa. Atakayekwambia "nipe kidogo nikufuatilie Makao Makuu, nina mtu wangu pale" ni kishoka, mfukuze. Familia za waliofia ulinzi wa amani chini ya Umoja wa Mataifa wana utaratibu wao wa fidia unaopitia serikalini, na tangu 1997 kuna nishani ya Dag Hammarskjöld kwa waliofia huko. Lakini vita ya 1979 haikuwa ya Umoja wa Mataifa, hivyo hilo haliwahusu.

Na sherehe ijayo? Msimlazimishe mama. Familia ya Jenerali Ogolla ilizika bila jeneza na ndani ya siku tatu kwa sababu ndivyo marehemu alivyotaka, na dola ikafuata. Heshima ya taifa huwekwa mbele ya familia ili waichukue kwa kiasi wanachoweza. Mama akisema hataki uwanja bali kisomo au misa nyumbani tarehe 25 Julai, huo nao ni ukumbusho halali, na wewe unaweza kwenda uwanjani peke yako kwa niaba ya ukoo. Akitaka kwenda, onana wiki mbili kabla na ofisi ya Mkuu wa Mkoa, watu wa itifaki. Waambie unamleta mjane wa vita ya Kagera, uombe kiti cha kivulini chenye jina lake, na uulize waziwazi nani ataongoza ili mama atoke nyumbani akijua.

Kule kuzima redio nako usikuchukulie kama hasira ya uzee. Mjane asiyewahi kuliona kaburi hubeba msiba ambao haukufungwa, na kitu kidogo kinaweza kuufungua upya. Kaa naye umwache azungumze juu ya baba, hata akirudia yale yale. Ila ukiona halali usiku, chakula kinamshinda, au anaanza kusema bora naye angekwenda, usisubiri Julai wala barua ya Mshauri wa Mgambo. Mpeleke hospitali ya wilaya wiki hiyo hiyo, umweleze daktari habari yote tangu 1979, na kama ana shehe au padri anayemwamini, mwite naye aje nyumbani.